Cha Bure Hakidaiwi

Bwana Mhariri, naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la muhula ili niyamalize maneno ambayo kengele ilinikatiza. Wasomaji waliohudhuria mdahalo wa muhula uliopita watakumbuka kuwa hoja ilikuwa hii: "Mwanafunzi aliyetunga programu ya kompyuta kwa kujifurahisha asiwatoze fedha wanaoitumia." Upande wa kutetea hoja ulishinda kwa kura nyingi, nami niliyekuwa upande wa kupinga nilirudi bwenini kimya. Sina kinyongo. Wenzangu walisema vizuri, na jambo walilolitetea, yaani ukarimu, ni jambo jema. Lakini naona walisahau neno moja, ambalo mimi nililijua kwa kuumia, na siku ile niliona haya kulisimulia mbele ya watu. Leo nitalisimulia.

Mama yangu ni mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, vile viitwavyo vikoba. Wazazi wengi wasomao gazeti hili wavijua kuliko mimi, lakini kwa ajili ya wasiovijua nitaeleza kwa ufupi. Wanakikundi hukutana kila juma. Kila mmoja hununua hisa, moja hata tano, na fedha hutiwa katika sanduku lenye kufuli tatu, kila kufuli na mshika ufunguo wake. Mwenye shida hukopeshwa, naye hurudisha pamoja na riba kidogo. Mwaka ukiisha hufanywa mgawo: fedha zote hujumlishwa, zikagawanywa kwa idadi ya hisa zote, na kila mtu akapewa kwa kadiri ya hisa zake. Tuseme kikundi kimeuza hisa 6,400 za shilingi 2,000 kila moja. Hizo ni shilingi 12,800,000. Riba na faini zikiongeza shilingi 1,920,000, jumla itakuwa shilingi 14,720,000, na kila hisa sasa ina thamani ya shilingi 2,300. Mwenye hisa 180 atapokea shilingi 414,000.

Hesabu hiyo haimshindi mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza. Ugumu ni kuziweka sawa hisa za watu 30 kwa majuma 50, pamoja na mikopo, marejesho na faini za wachelewaji, katika daftari lililoandikwa kwa kalamu tatu na mikono miwili. Siku ya mgawo katika kikundi cha mama ilikuwa siku ya ugomvi, na mara mbili niliiona ikimalizika usiku kwa mwanga wa chemli.

Nilipomaliza mtihani wa Kidato cha Nne, Novemba 2023, nilikaa nyumbani miezi mingi nikingojea matokeo na kupangiwa shule. Mjomba wangu alikuwa na kompyuta mpakato kuukuu ambayo betri yake imekufa, akaniachia. Basi nikaanza kutunga programu ya kuweka hesabu za kikundi. Sikutumwa na mtu. Nilifanya kwa kuwa nilipenda, kama wengine wapendavyo mpira au bao. Baada ya miezi mitatu programu ikawa inafanya kazi, na katibu wa kikundi akawa anakuja nyumbani kila baada ya mkutano kuingiza hesabu zake. Vikundi vingine viwili vya mtaani viliposikia, vikaomba, nikavipa. Waliponiuliza bei nilicheka, nikasema, "Hapana, mama, huu ni mchezo wangu tu." Nilijiona mtu mwema sana.

Mwezi wa Julai nikaja hapa shuleni kuanza Kidato cha Tano. Mwezi wa Oktoba umeme ulikatika kule nyumbani, ukarudi kwa nguvu, ukaiunguza kompyuta. Ndani yake zilikuwamo hesabu za vikundi vitatu, na nakala haikuwako mahali popote. Wala hilo silo baya kuliko yote. Baya kuliko yote ni kwamba katibu wa kikundi cha mama, kwa kuiamini programu yangu, alikuwa ameacha kuandika daftari tangu mwezi wa Mei. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami ndiye niliyewanyang'anya akina mama wale daftari lao.

Sikujua lolote mpaka nilipofika nyumbani kwa likizo ya Desemba. Niliwakuta wameketi uani wakikusanya vitabu vidogo vya hisa vya kila mtu, wakihesabu muhuri mmoja mmoja. Wawili walikuwa wamepoteza vitabu vyao, ikabidi wenzao wakumbuke kwa vichwa. Mgawo uliokuwa ufanyike juma la pili la Desemba ulifanyika katikati ya Januari, wakati watoto wao walikuwa wamekwisha rudi shule, na wengine wamerudi na viatu vya mwaka jana vilivyotoboka.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kikundi kuomba radhi. Nilimpa shikamoo, nikaketi, nikamwambia kuwa kosa ni langu. Mama yule hakunikaripia. Alisema tu, "Mwanangu, tungekudai nini? Hatukukulipa hata senti. Cha bure hakidaiwi."

Ndugu wasomaji, maneno yale yaliniuma kuliko kama angenitukana, na ndiyo niliyokuwa nikitaka kuyasema katika mdahalo. Tulizoea kudhani kuwa kutoza bei ni kujipendelea na kutoa bure ni kuwapendelea wengine. Lakini programu si chungwa ambalo ukimpa mwenzio hulila likaisha. Programu inayotumiwa na watu ni kama pampu ya kisima. Nani asiyeijua pampu iliyotolewa bure, ikashangiliwa kwa ngoma siku ya kufunguliwa, kisha ikasimama kwa kukosa kipuri kidogo, kwa sababu hapakuwa na mfuko wa matengenezo wala mtu wa kuulizwa? Bei ndiyo mfuko wa matengenezo. Tena bei ni ahadi. Aliyelipa ana ulimi wa kuuliza: Nakala iko wapi? Wewe ukiwa shuleni, nani atatusaidia? Naye aliyelipwa ana fedha za kuyapatia maswali hayo majibu. Akina mama wale walikuwa na maswali hayo tangu siku ya kwanza, lakini waliona vibaya kumhoji mtoto aliyewasaidia bure.

Mambo haya hayakuanza kwetu. Huko Marekani, katika jimbo la Washington, alikuwako mtu aitwaye Jim Knopf, mfanyakazi wa kampuni ya IBM. Kwa wakati wake wa mapumziko alitunga programu ya kuchapa anwani za waumini wa kanisa lake. Rafiki zake wakaipenda, wakaigawa kwa rafiki zao, na punde si punde akawa na watu wengi wa kuwapelekea marekebisho kwa posta, na gharama ikamshinda. Basi mwaka 1982 akaandika ndani ya programu yenyewe ombi kwamba anayeiona ina faida ampelekee dola 10, ili aweze kuendelea kuiboresha. Mke wake hakuamini kuwa mtu yeyote angetuma. Barua zenye fedha zikaja, zikazidi kuja, bei ikapanda ikawa dola 25, na mwaka 1984 Knopf aliacha kazi ya IBM akaishughulikia biashara yake. Tazameni kuwa hakuomba fedha kwa tamaa. Aliomba kwa sababu bila fedha asingeweza kuwatumikia wale waliokuwa wakimtegemea.

Mfano wa pili waonyesha upande mwingine. Mwaka 2003 kijana mmoja wa Marekani, Joshua Schachter, akiwa na ajira yake nyingine, alianzisha huduma iitwayo Delicious, ya kuwekea anwani za kurasa za intaneti ambazo mtu anataka kuzirudia. Ilikuwa bure, ikapendwa mno, na mwaka 2005 kampuni kubwa ya Yahoo ikainunua. Mwaka 2009 mtu mwingine, Maciej Cegłowski, alianzisha huduma ndogo ya namna ileile, akaiita Pinboard, lakini yeye alitoza ada ndogo. Bila shaka wako waliomcheka: nani atalipia kitu kinachopatikana bure? Mwishoni mwa mwaka 2010 zikavuja habari kuwa Yahoo haitaki tena kuendelea na Delicious, watu wakaingiwa na hofu, na wengi wakahamia kwa yule mwenye kutoza. Delicious ikauzwa na kuuzwa tena, na mwaka 2017 Pinboard ikainunua kwa dola 35,000. Yule mdogo aliyelipwa na wateja wake alimnunua mkubwa wa bure. Rahisi huvunja upishi, na mara nyingine huvunja hata chungu.

Sasa nizijibu hoja tatu za wenzangu, maana zastahili jibu.

Hoja ya kwanza ilisema kuwa shule ya serikali hutufundisha kusaidiana, si kufanya biashara. Nawaomba wenzangu wakumbuke Elimu ya Kujitegemea, ambayo Mwalimu Nyerere aliiandika mwaka 1967. Humo alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, wanafunzi wafanye kazi ya kuzalisha, waweke hesabu zake, na wauone ubora wa maisha yao ukipanda au kushuka kwa kadiri ya kazi yao. Hakusema mahindi ya shamba la shule yagawanywe barabarani bure. Kujitegemea kwahitaji kujua gharama ya kitu na kuilipa. Mimi naamini karakana ya siku hizi yaweza kuwa meza yenye kompyuta.

Hoja ya pili ilisema kuwa maskini hawataweza kulipa. Hii ni hoja nzito, na anayeipuuza hafai kufanya biashara na jirani zake. Lakini maskini huumia zaidi kwa kitu cha bure kinachovunjika kuliko kwa kitu cha bei ndogo kinachodumu. Watoto waliorudi shule na viatu vilivyotoboka walikuwa watoto wa maskini. Kinachotakiwa ni bei inayolingana na mfuko wa mlipaji, na itamkwe waziwazi mbele ya wote.

Hoja ya tatu ilisema kuwa mwanafunzi atayaacha masomo akimbilie fedha. Wako vijana waliosikia kuwa Bill Gates aliacha chuo, wakadhani kuwa kuacha chuo ndiko kulikomtajirisha. Hao wanahitaji nasaha. Lakini dawa ya kisu kikali si kumnyima mtoto kisu maisha yake yote, bali kumfundisha kukishika. Mimi nina sharti nililowekeana na mama: wakati wa muhula sigusi kazi ile kabisa, na anayewahudumia wateja ni binamu yangu wa kike aliyemaliza Kidato cha Nne, naye analipwa. Kama hakuna malipo, nani angeifanya kazi hiyo wakati mimi nasoma?

Huenda msomaji akauliza mambo yaliishaje. Katika mkutano wa kwanza baada ya mgawo ule, Januari 2025, niliomba ruhusa ya kusema. Nikawaeleza kuwa naweza kuitunga upya programu ifanye kazi katika simu ya katibu, na kwamba kila jioni ya mkutano nakala itapelekwa mahali pawili palipo mbali na simu ile. Nikasema gharama ni shilingi 300 kwa kila mwanachama kwa mwezi, na nikazisoma gharama zote moja moja. Wakajadili kwa muda mrefu, mimi nikiwa nje. Wakapiga kura kwa mikono, na hoja ikapita. Mama hakunyoosha mkono. Alisema mwana ni wake, na haifai apige kura. Kikundi kimoja kati ya vile vitatu kilikataa kulipa, kikarudi kwenye daftari. Niliudhika, lakini walikuwa na haki yao, nami niliwatunzia urafiki.

Leo tuna vikundi vinne vyenye wanachama 112. Kila mwezi hulipa jumla ya shilingi 33,600. Binamu yangu hupata 10,000, intaneti 8,000, kuhifadhi nakala 5,000, na akiba ya matengenezo 4,000. Jumla ya matumizi ni shilingi 27,000, na faida ni shilingi 6,600 kwa mwezi, yaani shilingi 79,200 kwa mwaka. Najua wengine watacheka. Lakini ni faida ya kweli, imepatikana bila kukopa, nami nimejifunza kuwa programu hutungwa mara moja tu: kikundi cha tano hakitanigharimu kama kilivyonigharimu cha kwanza. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa wenzangu wa Chama cha Kompyuta ambao wana vitu walivyovitunga kwa kucheza, nina nasaha chache.

Kwanza, msitafute programu ya kuushangaza ulimwengu. Mtafuteni mtu mmoja mwenye taabu ya kila juma, mketi karibu naye mkamwangalie anavyofanya kazi. Mimi nilijifunza zaidi kwa kuutazama mkono wa katibu wetu kuliko kwa kusoma vitabu.

Pili, andikeni gharama zote kabla ya kutaja bei, na ujira wa jasho lenu uwemo. Bei isiyotosha ni sawa na bure, isipokuwa yachelewa kuvunjika.

Tatu, hesabu za mteja ni mali ya mteja. Akitaka kuondoka mpeni nakala yake yote siku ileile bila malipo. Tena kumbukeni kuwa majina na madeni ya watu ni siri zao. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo yamtaka mwenye kukusanya taarifa za watu ajiandikishe kwenye Tume inayoisimamia. Asiyeweza kutunza siri na asiikusanye.

Nne, fuateni sheria mapema. Jina la biashara husajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi hutolewa na TRA, na leseni hutoka halmashauri. Aliye chini ya miaka 18 hawezi kujifunga kwa mkataba, hivyo amshirikishe mzazi. Yetu imesajiliwa kwa jina la mjomba, kwa kuwa wakati ule mimi nilikuwa sijafikia umri huo. Na kitu kilichotungwa kwa kompyuta za shule, Mkuu wa Shule aulizwe kwanza.

Tano, mwambieni mteja asiache daftari. Nalirudia jambo hili kwa sababu nimelilipia.

Kwa wazazi nasema hivi: mwana akitumia likizo mbele ya kompyuta, msimwambie tu kuwa anapoteza wakati, wala msimsifu tu. Mwulizeni, "Hiki unachokitengeneza kitamfaa nani, na nani atakitunza wewe usipokuwapo?" Kwa walimu wetu naomba wafikiri kama haifai katika Siku ya Wazazi tukaonyesha pamoja na programu zetu pia hesabu zake za mapato na matumizi, kama Chama cha Kilimo wanavyofanya.

Mwezi wa Agosti uliopita simu ya katibu wa kikundi cha mama ilitumbukia katika ndoo ya maji, ikafa. Mimi nilikuwa hapa shuleni, sikuambiwa. Binamu yangu alikwenda kesho yake na simu nyingine, akairudisha nakala, na mkutano wa juma lile ukafanyika saa yake. Nilipokwenda likizo ya Desemba 2025 nilikuta mgawo umekwisha, umefanyika siku iliyopangwa, na jua lilikuwa halijatua. Nilimwamkia mwenyekiti njiani. Hakunisifu. Alinionya kuwa karatasi ya mgawo iliandikwa kwa herufi ndogo mno kwa macho ya wazee, na mwaka huu anataka herufi kubwa, kwani analipa.

Nimekwisha zikuza herufi. Na hoja ile ikiletwa tena katika mdahalo, naomba nipewe nafasi ya kusema kabla ya kengele.

Ni mimi,
Mwanachama wa Chama cha Kompyuta,
Kidato cha Sita.